Mwezi, Maji na Mwenzio



Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unaelekea ukingoni. Wanaofunga sita wengi wamezimaliza, nguo za Iddi zimefuliwa na kukunjwa, watoto wamerudi shule. Ni katika siku kama hizi ndipo swali moja huanza kunijia kwa wingi. Huja kwa simu, huja kwa ujumbe, huja nikikutana na mtu Kombani au stendi ya Ukunda. Nifanyeje nisiache mazoezi? Nifanyeje nile vizuri kwa zaidi ya wiki moja? Wengine hulifupisha: "Nilianza vizuri sana, halafu motisha ikaniishia."

Ningependa tulijibu kwa kuitazama Ramadhani tuliyotoka nayo. Usiku mmoja mwezi umeandama, na kesho yake maelfu ya watu wa kaunti hii ya Kwale wamebadili saa za kula, saa za kulala na saa za kuamka, wote kwa pamoja. Mvuvi wa Gazi, mwalimu wa Matuga, muuza mitumba wa Ukunda. Mtu ambaye siku nyingine hawezi kufika saa nne bila chai ya pili amekaa kutwa nzima. Je, kuna aliyemuuliza kama ana hamu? Wapo waliokuwa nayo, wapo waliokuwa wamechoka, wapo walioamka kula daku macho yamefumba, na wote wakafunga. Imani ndiyo msingi, na sitaki kuishusha ibada ikawa somo la mwili. Ninachokitazama ni namna imani hiyo ilivyowekewa nguzo: mwezi unaosema lini, adhana inayosema saa ngapi, na jirani ambaye naye amefunga. Ndugu zangu Wakristo mnaofunga Kwaresima mnalijua jambo hili kama tunavyolijua sisi.

Kisha Iddi hupita, na kila mtu akabaki kushindana na nafsi yake peke yake, saa anayoitaka, mahali anapopataka. Hapo ndipo wengi huanguka, wakajiita wavivu. Mimi siamini kwamba watu wa pwani hii ni wavivu. Naamini wamekosa miadi. Hamu ya moyo huja na kuondoka, hata kwa wakimbiaji wa Iten na Eldoret ambao dunia nzima inawajua. Wao nao huamka asubuhi ya baridi hawataki kutoka, lakini mlangoni kuna wenzao wanawangoja, na wanaondoka kundi zima.

Sasa tuje nyumbani, tuanze na bahari, kwa sababu wengi mkitaka kufanya mazoezi fikira za kwanza huenda ufukweni. Mchanga wa Diani ni mweupe, ni laini kwa goti, na haulipiwi. Mtu hujiambia: kuanzia Jumatatu, kila siku saa kumi na moja jioni nikitoka kazini, nitatembea ufukweni. Jumatatu akienda anakuta maji yamejaa hadi kwenye kuta za hoteli, hana pa kukanyaga. Jumanne vilevile. Jumatano haendi tena.

Jamani, sisi ni watu wa bahari. Babu zetu hawakupanga jambo la pwani kwa Jumatatu na Jumanne, walilipanga kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji huku kwetu hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa sana kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa karibu dakika 50. Kwa hivyo baada ya wiki moja hivi, siku za maji mafu, mambo yamegeuka: jioni maji yako chini kidogo na mchanga upo, ingawa si mpana kama wa bamvua. Mwenye kutaka jioni ya ufukweni, basi, jioni zake ni za maji mafu. Wakati wa bamvua ana asubuhi ya Jumamosi au Jumapili, kuanzia saa mbili maji yakiwa yanatoka, kabla jua halijawa kali. Siku zilizobaki atembee nchi kavu, njia za mashambani, chini ya miembe na mikorosho.

Akina mama wanaochokoa pweza kule miambani hawajawahi kuulizana kama wana motisha leo. Maji yakipwa wanatoka, kwa sababu yakirudi yamerudi. Huu ndio mpango ninaoupenda kuliko saa yoyote ya mkononi, kwa kuwa haukusubiri wewe ujisikie vizuri. Ukijua kwamba ukichelewa saa moja mchanga utakuwa umefunikwa, unatoka. Muulize mvuvi yeyote wa Mwaepe au Mkunguni leo ni mwezi ngapi na maji yanatoka saa ngapi. Atakujibu pale pale bila kutazama popote.

Lakini wengi hatuishi ufukweni, na wengi wa wanaoishi karibu nao hawapati nafasi ya kwenda. Mwenye kazi ya hoteli huingia alfajiri na kutoka jioni, au hulala kazini. Kwake yeye nasema hivi. Kutoka njia panda ya Ukunda hadi barabara ya ufukweni ya Diani ni kama kilomita 3. Kwa mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo ni dakika 35 hadi 40. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa nguvu au kazi ya kiasi hicho. Piga hesabu: ukitembea upande mmoja tu wa safari hiyo, kwenda au kurudi, kwa siku tano za kazi, umeshapita dakika 150. Hujanunua viatu vipya wala hujalipa ada, na nauli ya upande mmoja imebaki mfukoni. Na kazi ndiyo imekuwa miadi yako, maana kazini huna budi kwenda.

Watu huniambia: lakini sisi tunafanya kazi za sulubu, mazoezi ya nini tena? Ni hoja ya kweli, na nataka niipe nafasi yake. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alichapisha utafiti wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Yalikuwa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Watu wa kampuni moja, basi moja, mtaa mmoja. Na ikaonekana madereva wanapata maradhi ya moyo zaidi ya makondakta, na yakiwapata yanaua zaidi. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo ulioonyesha wazi kwamba kukaa tu kunaweza kumdhuru mtu.

Sasa niangalie Msambweni. Mgema anayepanda minazi asubuhi na jioni ni yule kondakta wa London. Mwanawe anayekaa juu ya boda boda steji kuanzia alfajiri hadi usiku ni yule dereva. Baba ana mapaja kama magogo akiwa na miaka sitini, na kijana wa miaka thelathini analalamika mgongo, tumbo limeanza, na hajapimwa presha maishani. Simlaumu kijana. Boda boda imelisha nyumba nyingi katika kaunti hii na kuwafikisha akina mama wajawazito hospitali usiku wa manane. Nasema tu kwamba kazi imebadilika haraka, na mwili haujabadilika pamoja nayo. Zamani mazoezi yalikuwa ndani ya riziki yenyewe: jembe, kasia, mchi na kinu, kukwea. Riziki ya leo inakaa kitini, na yale yaliyokuwa yanakuja yenyewe sasa hayana budi kupangwa.

Na kuna mama wa Kinango. Kwake huyu sitasema neno juu ya mazoezi. Anayebeba mtungi wa lita 20 kichwani, akapanda na kushuka makorongo wakati wa kiangazi, hahitaji kuambiwa atembee. Anachohitaji ni maji karibu, na chakula cha kutosha, na kupumzika. Pampu za mkono zilizoenea kusini mwa Kwale tangu miaka ya 1980 ziliwapunguzia wengi mzigo huo, na nyika ya Kinango bado inangoja. Ushauri wa afya usiomtofautisha mama huyo na bwana wa ofisini haufai kutolewa redioni.

Sasa nifike kwenye lililo zito kuliko yote, ambalo vitabu vya afya havilitaji sana. Ni macho ya watu.

Tembea kwa miguu kutoka Ukunda kwenda Diani ukiwa mtu mzima unayejiweza. Boda boda zitakupigia honi njia nzima. Utakutana na jirani, atasimama kwa huruma kabisa: "Vipi bwana, nauli imekosekana? Panda nikupeleke." Kutembea kwetu kumehesabiwa kuwa umaskini. Mwanamke akianza kupungua mwili, maneno ni mengine: "Shoga, mbona umekwisha hivyo? Kuna nini nyumbani?" Mume naye ataulizwa na wakwe kama anamtunza mtoto wao. Mwili mnene kwetu umekuwa cheti cha ndoa njema. Na tusisahau miaka ile ya tisini na mwanzo wa elfu mbili, tulipowazika kwa Ukimwi vijana wengi walioanza kwa kukonda. Tangu hapo kukonda kulitiwa hofu, na hofu hiyo haijatoka yote. Kwa hivyo mama anaweza kuwa na nia safi, ana daktari aliyemwambia presha imepanda, ana viatu, na bado akashindwa kupita mbele ya baraza ya wazee akienda mbio. Unamwambia nini mtu huyo? Unamwambia ajitie moyo? Moyo anao. Anachokosa ni mtu wa kupita naye.

Mtu mmoja akikimbia barabarani, watu huuliza ana nini. Wakipita wanane, watu huuliza wanaenda wapi, na kesho yake mmoja wa waliouliza yumo ndani ya kundi. Ndiyo maana nawasihi akina mama: msianze kila mmoja kwenu. Mna vyama tayari. Mnakutana, mnachanga, mnapeana zamu, na asiyekuja hutozwa faini au huulizwa kisa. Hakuna chombo bora cha kumfanya binadamu afike mahali kwa wakati kuliko chama cha akina mama wa pwani. Kitieni mwendo ndani yake. Siku ya chama, kutaneni saa moja mapema mtembee hadi kwa mwenye zamu. Wanaoswali Alfajiri watoke nje pamoja baada ya swala, bado kuna baridi na barabara ni tupu. Buibui na raba havigombani hata kidogo. Huko Bongwe na Gombato utawaona wawili watatu wakipita hivyo, na kila wanapoongezeka mmoja, aibu inapungua kwa wote.

Na msidhani kwamba lazima iwe kukimbia. Wadigo wana sengenya. Mtu aliyeicheza sawasawa, miguu na mabega, kwa muda wa ngoma moja tu, jasho linamtoka kuliko mtu aliyekuwa juu ya mashine ya kukimbilia hotelini. Vijana wa shule wanaijua kwa sababu ya mashindano ya muziki, halafu wakimaliza shule wanaiacha. Ningetamani kuona kila kijiji kina jioni moja ya ngoma kwa wiki, wakubwa kwa watoto, bila kungoja harusi wala mgeni wa serikali. Pigo la ngoma humwinua mtu kitini kabla hajaamua. Sijui tiba ya uvivu iliyo tamu kuliko hiyo.

Wazee wanaume tumewaacha nyuma katika mazungumzo haya, na presha haijawaacha. Kijana ana uwanja wa mpira. Baba wa miaka hamsini ana bao, kahawa na baraza. Baraza ni jambo jema, linatunza akili na undugu. Basi lihamisheni mara moja moja. Mazungumzo yale yale ya siasa za kaunti na bei ya nazi yanaweza kufanywa mkitembea kutoka msikitini hadi baharini na kurudi. Mtashangaa umbali ulivyokwisha.

Nina neno dogo juu ya kukatizwa, maana hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Mvua za masika zinamwagika, mtoto anaugua, kuna matanga ya siku kadhaa, na mpango unakatika. Mtu anasema: basi, nimeshavunja, nitaanza tena Januari. Watafiti wa London wakiongozwa na Philippa Lally walifuatilia watu 96 waliojaribu kujenga desturi mpya, kama kunywa maji au kutembea kila siku wakati ule ule. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa la kawaida, lakini kuna aliyechukua 18 na kuna aliyekisiwa 254. Na waligundua kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Desturi iliendelea kujijenga. Kwa hiyo ukikosa jana kwa sababu ya mazishi ya jirani, hukufanya kosa, ulifanya wajibu wako. Rudi leo. Na mwenzako wa kutembea asikuulize ulikuwa wapi kwa ukali, akuulize saa ngapi mtaondoka kesho.

Sasa chakula. Hapa nina mapenzi yangu, mtanivumilia nikikaa kidogo.

Mwaka 2015 Wizara ya Afya na Shirika la Takwimu la Taifa walifanya uchunguzi mkubwa wa nchi nzima juu ya maradhi yasiyoambukiza. Wakenya 94 kati ya kila watu wazima 100 hawakuwa wanakula matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwahi kupimwa. Nikiisoma hiyo 94 nahisi uchungu wa pekee kwa ajili ya kaunti yetu, kwa sababu sisi mboga hatuletewi kwa ndege. Zinaota nyuma ya nyumba. Mtsunga unaota kwenye shamba la mahindi bila kupandwa. Mnavu, mchicha, majani ya kunde, matembele, kisamvu, majani ya mzungi ambao wengine huuita mronge. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, akiwemo Patrick Maundu, walizikusanya mboga na matunda ya asili ya nchi hii katika kitabu kikubwa mwaka 1999, na pwani yetu imo humo kwa fahari. Bibi yako akisoma orodha hiyo hatajifunza kipya. Mjukuu ndiye asiyeijua, na akiletewa mtsunga anasema mchungu.

Ni kweli ni mchungu. Uchanganye na mchicha au majani ya kunde, utie tui jepesi, uone kama sahani haitarudi tupu. Hapa nataka niseme juu ya nazi, maana kuna watu wanaowaambia wapwani waache nazi kabisa, na mpwani akisikia hivyo hufunga redio. Tui la kasimile, lile zito la kwanza, lina mafuta mengi, na kulitia katika wali, mbaazi, samaki na mboga siku hiyo hiyo ni kupita kiasi. Chagua chungu kimoja kipate kasimile. Vingine vipate tui jepesi. Hivyo utaweza kuishi nayo mwaka mzima, na ladha ya nyumbani haijatoka.

Chai ya asubuhi vilevile. Mahamri na mbaazi: mbaazi ni chakula bora, zina protini na nyuzinyuzi, ziongeze. Mahamri yapunguze yawe mawili. Sukari ndiyo ya kuangalia. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza ikikaa chini ya gramu 25 kwa siku, yaani kama vijiko sita vidogo, mwili unanufaika. Vikombe viwili vya chai vya vijiko vitatu vitatu vimemaliza hesabu kabla ya adhuhuri. Chupa ya soda ya nusu lita peke yake ina takriban vijiko kumi na viwili. Kijana wa steji anayekunywa soda moja mchana na kinywaji cha kuongeza nguvu jioni anabeba sukari ambayo baba yake hakuipata kwa siku kadhaa. Dafu liko pale pale kando ya barabara, na maji ya dafu nayo yana sukari kidogo, lakini ni kidogo mno ukilinganisha.

Samaki: tuna mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, kila bandari ndogo, anakaanga samaki wa simu na vidagaa, na nasikitika kwamba samaki wengi wakubwa humpita wakaenda hotelini. Kabla hajawatia wote kwenye mafuta, nunua wabichi kwake, uwachome au uwatie kwenye ndimu na nyanya. Ng'onda na papa mkavu waroweke, umwage maji, kisha upike, kwa sababu chumvi iliyo mle ni nyingi, na chumvi ya siku nzima haipaswi kupita kijiko kimoja kidogo. Na msimu wa embe ukifika, usimpe mtoto pesa ya chipsi akiwa amesimama chini ya mwembe.

Lakini yote haya yanarudi kwenye swali letu la kudumu. Mpishi wa nyumba ndiye mwenye ufunguo. Mume aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi, akapikiwa chungu chake peke yake kisicho na ladha huku watoto wanakula pilau, atavumilia siku ngapi? Atakula kwa mama ntilie mchana bila kusema. Nyumba ikibadilika, ibadilike sinia zima. Wote wakizoea chumvi ndogo, ulimi unazoea baada ya wiki chache, na yule mgonjwa hajatengwa kwenye mkeka wake mwenyewe. Sisi tunakula pamoja kutoka sinia moja. Hiyo ni nguvu ambayo watu wengi wa miji mikubwa ya Ulaya wameipoteza, kila mtu na sahani yake na saa yake. Harusini na hitimani, kula pilau, kwa roho safi. Harusi haiji kila siku. Kinachotuumiza ni chipsi za Jumatatu hadi Jumamosi, zinazoliwa kwa sababu kibanda kiko njiani na nyumbani hakuna kilichowekwa tayari. Chemsha mihogo au viazi vitamu usiku, weka korosho za kukaanga bila mafuta kwenye kopo. Mtu mwenye njaa hula kilicho karibu, hata awe na nia gani.

Sitatenda haki nikiwatwika wananchi mzigo wote. Pale Diani, wenzetu wanaolinda wanyama wamefunga ngazi za kamba juu ya barabara tangu miaka mingi ili mbega, kuluzu wetu, wavuke bila kugongwa na magari. Ni kazi njema, na imeokoa wengi. Naomba moyo ule ule kwa mama anayetembea na mtoto pembeni mwa barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, matatu zikipita kwa kasi na hakuna njia ya miguu. Naomba njia za umma za kwenda baharini ziachwe wazi na ziwekwe alama, maana ufukwe ni wa watu wote na kila ukuta mpya humrefushia mtu safari. Waheshimiwa wa bunge la kaunti mnaosikiliza, mkipitisha bajeti ya barabara, njia ya miguu iwe ndani ya mchoro tangu mwanzo.

Kuna jambo jema limeshafika milangoni. Tangu Septemba 2023, serikali ilipozindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wengi wao wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Akija kwako, usimwambie uko mzima. Mpe mkono akupime, andika namba na tarehe ukutani au kwenye kitabu cha chama. Kuona presha ikishuka kutoka mwezi hadi mwezi kunamshika mtu kuliko kioo, kwa sababu kioo kinachelewa sana kubadilika.

La mwisho ni la wenye sukari, hasa wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Msiache dawa kwa sababu mmeanza kutembea. Zungumzeni kwanza na daktari au muuguzi wa kliniki yenu, mumwambie mnataka kufanya nini na saa ngapi, maana huenda kipimo cha dawa kikahitaji kurekebishwa. Msitoke na tumbo tupu. Chukua tende kadhaa au glukosi. Ukiona jasho jembamba, mikono inatetemeka, njaa ya ghafla, au maneno yanaanza kukupotea, simama hapo hapo, kula kitu kitamu, kaa kivulini, usiendelee. Na huyo unayetembea naye mweleze haya kabla hamjatoka nyumbani, umwonyeshe tende ziko mfuko upi, ajue pia kwamba akikukuta huwezi kumeza asikutie kitu mdomoni, bali akulaze ubavu na kuita gari la hospitali mara moja.